Shangazi Marlys na Bunduki Isiyo na Kitu

Shangazi yangu Marlys anakata nyama kwenye duka la mji wetu, kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani. Kisu hakimtishi hata kidogo. Bunduki ndiyo inamkausha mate. Miaka sita nyuma, kwenye kibanda cha uwindaji, shemeji yake Gordy alimpasia mume wa shangazi bunduki akamwambia, "Shika, haina kitu." Ilikuwa nacho, ikalipuka. Mume tukamzika wiki hiyohiyo.

Mwaka huu binti wa shangazi, Kendra, kafika miaka kumi na miwili, kang'ang'ania kuwinda kulungu kwa bunduki ya marehemu baba yake. Umri huo huingii msituni bila mtu mzima pembeni.

"Niachie mimi, shemeji," Gordy akasema pale kaunta. "Nitamtunza kama wangu."

Shangazi akaendelea kukata nyama mpaka ikawa nyembamba kama karatasi. Gordy alipotoka akaniambia, "Nitakwenda naye mwenyewe."

Sasa, kibali cha kuwinda hupati bila kozi ya usalama wa bunduki. Kendra yake alishaimaliza, lakini kozi zote za kwetu zilishajaa. Tukapiga simu mpaka basi. Mwisho nikaona karatasi ya kozi imebandikwa mlangoni kwa muuza chambo: ukumbi wa zimamoto, saa moja na nusu kwa gari. Na mimi nikajiandikisha, maana shangazi peke yake angegeuza gari njiani. Siku ya kwanza kidogo ageuze na mimi nikiwemo.

Darasa lilikuwa la watoto watupu. Kitoto kimoja kikamuuliza shangazi, "Bibi, umefeli mara ngapi?"

"Bado. Naanza leo, pamoja na wewe."

Akacheka mwenyewe, lakini kiti alikivuta karibu na mlango.

Siku ya mtihani, mwalimu wetu mzee Halvorsen alisimama kando ya kipande cha seng'enge kilichowekwa ukumbini, anamkabidhi kila mtu bunduki avuke nayo. "Shika, haina kitu." Nikapokea, nikasema asante, nikaenda kuvuka. Wote tulifanya hivyo. Kwetu ukimkagulia mzee bunduki aliyokupa, ni kama umemwita mwongo.

Ikafika zamu ya shangazi.

"Shika, mama. Haina kitu."

Akaganda. Nikajua huyu anakimbilia gari.

"Ielekeze chini," akasema. "Fungua nione."

"Huniamini?"

"Fungua, mzee!"

Halvorsen akafungua. Risasi ikaruka, ikadondoka sakafuni, ting! Ilikuwa ya mfano, haina baruti, lakini sote tulirudi nyuma hatua. Kumbe kukagua ndiyo ulikuwa mtihani; sisi wengine tukarudia. Yeye akapewa cheti palepale, akaenda kutapika chooni.

Msimu ulipofunguliwa, tulimkuta Gordy kibandani anaisafisha ile bunduki ya marehemu. Akamnyooshea Kendra. "Shika, mwanangu, hai..."

Neno akaliacha hapo, akaugeuza mtutu chini.

Kendra hakunyoosha mkono. Alimtazama mama yake. Shangazi akaweka kikombe cha kahawa mezani.

"Fungua, shemeji."

Gordy akafungua, shangazi akachungulia, akatia kidole kabisa ndani. Tupu.

"Angalia na wewe," akamwambia Kendra. "Mimi pia usiniamini."

Mtoto akaangalia. Ndipo akapokea.