Proklamasio ya Tessandier

Katika mtaa wa Katindo, watu walimjua mwalimu Edmond Akonkwa kwa mambo mawili: wino mwekundu na wanaume wa barafu. Wino mwekundu ulikuwa wa kazi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha darasa la sita, na hakuna mtoto aliyewahi kupata kwake hata nusu pointi ya huruma. Wanaume wa barafu walikuwa starehe yake.

Starehe hiyo ilianzia kwenye ugonjwa. Miaka saba iliyopita malaria ilimlaza kwenye kiti kirefu cha jirani yake Hitimana, muuza maziwa na jibini za Masisi, ambaye alikuwa na televisheni. Hapo ndipo alipowaona kwa mara ya kwanza wanaume wakiteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye visu vya chuma, wakiruka, wakijizungusha hewani mara nne, kisha wakishuka kwa mguu mmoja. Si kuruka kwao kulikomshika, bali alama. Kila mruko ulikuwa na alama zake, kila kosa adhabu yake, na jumla ilitolewa mpaka sehemu ya mia ya pointi.

"Hitimana," alisema huku akitetemeka kwa homa, "awa ni watu wanajuaka kusahihisha."

Tangu siku hiyo aliweka daftari, na ndani ya daftari alikuwa na mtu wake, Mfaransa mwembamba aitwaye Maël Tessandier. Alipiga mistari kwa rula: tarehe, alama, nafasi, na safu ya mwisho, pana kuliko zote, aliyoiita "Sababu". Tessandier alipokuwa wa pili, Akonkwa aliandika: viatu vipya. Alipokuwa wa nne, aliandika: goti la kushoto, halafu muziki haukumfaa.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, ubingwa wa dunia ulifika. Siku ya Alhamisi, katika sehemu ya kwanza iliyo fupi, Tessandier aliwashinda wote. Ijumaa Akonkwa alikwenda kazini kifua mbele, akasalimia hata watu asiowapenda.

Jioni hiyo hiyo binti yake wa pekee, Bénita, alileta buletini ya shule, karatasi ya matokeo yake.

Bénita alikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuwahi kuwa wa pili tangu alipojifunza kusoma. Safari hii alikuwa wa kumi na moja, asilimia hamsini na nne. Mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka tangu mwezi wa kwanza. Kila alfajiri alishuka ziwani na bidoni mbili za manjano kuchota maji, akapanda nazo, akafika shuleni somo la kwanza limekwisha. Baba yake alilijua hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akimtuma.

Shuleni kwao matokeo husomwa hadharani siku ya proklamasio: jina, asilimia, nafasi. Aliyefaulu hupigiwa makofi, aliyeanguka hupita katikati ya kimya. Akonkwa aliileta desturi hiyo nyumbani. Alimsimamisha Bénita juu ya jiwe jeusi la volkano katikati ya parseli, kiwanja cha nyumba yao, akawaita majirani, akavaa miwani.

"Akonkwa Bénita!"

"Présente, papa."

"Hesabu: nane juu ya makumi mbili. Kifaransa," akanyamaza kidogo, kama alivyozoea kabla ya kila namba, "tisa. Nafasi: ya kumi na moja. Majirani, musipige makofi."

Hakuna aliyepiga. Mkewe, Cibalonza, alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. "Papa Bénita, inatosha. Mutoto amesikia."

"Hajasikia bado."

"Uliza basi sababu."

"Sababu? Buletini haina nafasi ya sababu." Akaikunja karatasi mara nne. "Mutu alikuwa wa kwanza, akianguka, ile nafasi haikukuwa ya kwake. Mimi sitalipa minervali ya masomo kwa mutu wa kumi na moja. Siku ya kwanza, Jumatatu hii, anaenda Lac Vert kwa shangazi yake Victoire, ajifunze kushona."

Bénita hakulia. Alisimama juu ya jiwe mpaka aliporuhusiwa kushuka.

Jumamosi alasiri Akonkwa alikuwa kwa Hitimana na daftari magotini. Chumba kilijaa watu waliongoja mpira, wakiuvumilia mchezo wa mwalimu ili wapate cha kucheka.

"Mwalimu, uyu wako amevaa bulauzi ya mama yangu!" alisema Rodrigue, kijana wa taximoto, Tessandier alipoonyeshwa akijiandaa.

"Nyamaza, Rodrigue. Weye ata na pikipiki unaangukaka."

Wakacheka. Wakati huo Bénita alikuwa mlangoni. Mama yake alikuwa amemtuma maziwa.

Tessandier aliingia wa mwisho. Mruko wa kwanza, akaanguka. Akainuka. Wa pili, akaanguka tena, akateleza kwa ubavu mpaka ukutani. Wa tatu aliuachia hewani, akajizungusha mara moja tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akonkwa alikuwa amesimama, daftari limeanguka chini.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Inuka, inuka."

Baadaye televisheni ilimwonyesha Tessandier kwenye benchi akingoja alama. Kocha wake alimfunika koti mabegani, akamkumbatia. Alama zikatoka. Wa saba. Na hapo mwalimu Akonkwa, mbele ya watu wote, akalia machozi ya kweli.

"Ee! Mwalimu iko nalia!" Rodrigue alipiga mapaja. "Ni mutoto wa kaka yako?"

"Amechoka!" Akonkwa alifoka. "Mutoto amechoka, hamuone? Inchi nzima iko mu mabega yake. Mutu hawezi kuhukumiwa juu ya siku moja!"

Alijisikia akiyasema maneno hayo. Akageuza kichwa, akamwona Bénita mlangoni na jagi la maziwa. Walitazamana. Neno lilimfika mdomoni, zima kabisa: siku ya kwanza utarudia ku masomo. Alingoja tu kicheko cha Rodrigue kiishe.

Lakini Bénita alikwisha kuweka jagi chini. Alipanda kwenye benchi, akajipangusa mikono kwa sketi, akashika miwani asiyokuwa nayo. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya baba yake, pamoja na pua yake na kile kimya kabla ya namba.

"Tessandier Maël!"

Vichwa vyote vikageuka.

"Tessandier Maël! Hayuko? Bon. Papa yake iko hapa, asimame pa nafasi yake."

"Simama, mwalimu!" Rodrigue alipiga kelele.

"Kuruka: sifuri. Kubakia juu ya miguu: sifuri. Kulia..." akanyamaza kidogo. "Makumi mbili juu ya makumi mbili! Nafasi: ya saba. Majirani, musipige makofi."

Walipiga. Walipiga makofi, walipiga meza, Hitimana mwenyewe alicheka mpaka akashikilia ukuta. Katikati ya kelele Akonkwa aliutazama uso wa binti yake na kuutambua. Ulikuwa uso wake yeye wa jana. Tena kazi aliifanya vizuri, bila kosa hata moja. Neno lililokuwa mdomoni likarudi lilikotoka. Akilisema sasa, Katindo nzima itasema mtoto amemshinda.

Akaokota daftari, akalipangusa vumbi.

"Siku ya kwanza," alisema polepole, "saa kumi na mbili ya asubui. Usichelewe kwa shangazi yako."

Makofi yakakatika. Bénita alibaki juu ya benchi, hakuna aliyemwambia ashuke.

"Papa," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Papa, nilikuwa nacheza tu."

Akonkwa alikwisha kutoka.

Jumatatu asubuhi Rodrigue ndiye aliyempakia Bénita, na hakufanya mzaha. Cibalonza alifunga mfuko nyuma ya pikipiki, akaukaza mara mbili, tatu, ingawa ulikuwa umekazwa. Akonkwa alisimama ndani, nyuma ya pazia. Alisikiliza mngurumo wa pikipiki mpaka ulipopinda kuelekea barabara ya Sake, halafu akakaa mezani, akafungua daftari, akakaza macho kwenye mstari wa Tessandier. Nafasi: 7.

Kwenye safu ya mwisho aliandika kwa mwandiko mzuri: uchovu. Halafu: usingizi mdogo. Halafu: watu walimwomba mengi mno, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Safu ikajaa. Akageuza ukurasa, akaendelea.