Miaka 22 alipiga deki ukingoni, sasa Mama Deki ashuka chini ya bwawa

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, maji ya bwawa bado yamelala. Hayajaguswa na mtu tangu jana jioni. Mwanga wa taa za ukutani umetanda juu yake na hautikisiki hata kidogo. Mwanamke wa miaka sitini na moja anatoka chumba cha kubadilishia nguo, miguu mitupu, taulo begani. Kofia ya mpira imembana kichwa mpaka nyusi zimepanda juu, kama mtu aliyepewa habari asizozitarajia.

Anasimama ukingoni, anainama, anachovya vidole viwili na kuvinusa.

"Wamezidisha dawa ya maji," anasema. "Leo macho yatatuwasha."

Hakuna aliyemuuliza. Ni mazoea tu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mfagizi wa bwawa hili, na watoto wa mazoezi wakambatiza jina la Mama Deki, maana kila walipogeuza shingo walimkuta na deki mkononi. Jina likaganda. Hata mumewe, dereva wa lori mstaafu, humwita hivyo akitaka kumchokoza.

Lakini leo Mama Deki hakuja kufagia. Amekuja kufanya mtihani.

Upande wa kina kirefu, mita tatu kwenda chini, limelala tofali jeusi la mpira, uzito wake kilo tano. Akilifuata na kulipandisha kwa mikono yake mwenyewe, atapewa cheti cha ualimu wa kuogelea. Ameshajaribu siku mbili tofauti, na mara zote tofali limebaki kulekule. Leo ni mara ya tatu, na ya mwisho kwa mwaka huu.

Asipolipata, darasa lake linafungwa. Uongozi umeshasema: kuanzia mwezi ujao, asiye na cheti hafundishi mtu.

Wanafunzi wake tisa wameshafika. Wamebanana kwenye benchi la mbao, kila mmoja na taulo lake, na mdogo wao ana miaka hamsini na sita. Wananong'ona kwa sauti ya watu walio msibani. Mama Deki anawageukia.

"Nani amekufa?" anauliza. "Kaeni vizuri bwana, mnanitia baridi."

Wanacheka. Yeye anacheka kidogo tu, kisha anayatazama maji tena.

Alianza kazi hapa akiwa na miaka thelathini na sita na watoto watatu. Mshahara ulikuwa ukikata roho tarehe kumi na tano, na siku zilizobaki alizivuka kwa kufua nguo za watu. Alifika kabla ya jua, akaondoka alasiri. Katikati ya hapo alipiga deki, akaokota majani kwa wavu, akasugua vyoo, akaanika mataulo. Na huku mikono ikifanya kazi, masikio nayo yakawa shuleni.

Kulikuwa na kocha, bibi mwenye sauti ya kutoboa ukuta, aliyefundisha watoto kila asubuhi. Mama Deki alimsikia kila siku ya Mungu.

"Nilijua kila kitu mimi," anasema. "Piga mateke kutoka kwenye nyonga, siyo magoti. Sikio liguse bega. Tazama chini, usitazame unakokwenda. Vuta pumzi, jaza kifua! Kuna watoto niliwakosoa kimoyomoyo kabla kocha hajafungua mdomo. Lakini maji yenyewe yalikuwa hayajawahi kunipita hapa." Anagusa kifundo cha mguu.

Kuingia lilikuwa jambo lisilofikirika. Wafagizi hawakuruhusiwa, na hata wangeruhusiwa, muda angeutoa wapi?

Labda usingizini. Anasema kuna ndoto moja iliyomfuata miaka yote hiyo. Anapiga deki kwenye korido ndefu isiyo na mwisho. Maji yanapanda taratibu, ya uvuguvugu, ndoo inaanza kuelea, naye anaelea nyuma yake mpaka wanapita mlangoni pamoja, yeye na ndoo.

"Siogopi kitu. Naelea tu," anasema. "Halafu naamka, nakasirika kwamba nimeamka."

Mara moja kwa mwaka bwawa lilikaushwa ili lisuguliwe. Wenzake walikwepa upande wa kina, wakisema kule kuna mwangwi unaoita watu majina. Mama Deki akashuka peke yake kwa ngazi, brashi mkononi. Alipomaliza kusugua, kabla ya kupanda, alilala chali juu ya vigae vikavu, akatazama juu mahali ambapo maji yangekuwa. Alilala hivyo dakika tano, kumi. Hakumwambia mtu.

Kuna jambo lingine ambalo hakumwambia mtu. Mwaka wa tatu wa kazi, ndoo ya chuma ilimponyoka ikavunja kigae kule chini kabisa. Alihisi kazi imeondoka mbele ya macho yake. Siku ile ile akaenda kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani, akawaomba kigae kimoja na saruji ya kujaa kiganja. Akarudi, akakibandika mwenyewe.

"Kilikaa upande," anasema. "Mpaka kesho kimekaa upande. Ufundi sikusomea, woga ndio ulionifundisha."

Alipofikisha miaka hamsini na minane, uongozi ulimuaga kwa soda, keki na saa ya ukutani. Akaombwa aseme neno. Akasimama, akaikumbatia ile saa.

"Nashukuru kwa saa," alisema. "Lakini mimi nataka kuingia majini."

Watu wakaangua kicheko. Kocha hakucheka. Alimngoja mlangoni akamwambia, "Kesho, saa kumi na mbili, watoto hawajafika. Njoo na nguo ya kulowa."

Siku hiyo ya kwanza maji yalipomfika kiunoni, aliona jani linaelea mbele yake. Akaliokota, akasimama nalo katikati ya bwawa, akitafuta kwa macho pa kulitupa.

"Kocha akaniambia, mama, likizo imeanza, liache hilo. Nikashindwa. Nikatoka nikalitupa, nikarudi. Kazi ilikuwa haijanitoka mwilini."

Mwanawe mkubwa alipopata habari alipiga simu papo hapo. Mama, umri huu? Watu watasema nini?

"Watasema Mama Deki analowa," akamjibu. "Kwani uongo?"

Mumewe naye alichokoza kwa wiki nzima, halafu akanyamaza, halafu akamnunulia miwani ya kuogelea. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alimwambia, akamkabidhi. Tangu hapo humsindikiza alfajiri za kuogelea na kumsubiri nje ya lango na chupa ya chai, kwa kuwa saa hiyo ni ya wanawake watupu.

Darasa lenyewe halikupangwa. Alikuja mkunga mmoja mstaafu, sasa ana miaka sitini na saba, aliyeambiwa na daktari kwamba maji yatamsaidia magoti. Kocha akamkabidhi kwa Mama Deki. Mkunga akamleta jirani yake, jirani akamleta wifi yake, na leo wako tisa.

"Nje nina magoti," anasema mkunga. "Humu ndani sina. Huyu ndiye aliyenionyesha mlango."

Kwa Mama Deki mwenyewe, jambo hili ni zito kuliko anavyolitania. Ukimkalisha chini, atakuambia.

"Miezi ile ya mwanzo ya kustaafu, siku zisizo na somo, nilikuwa naamka saa kumi na moja, nimevaa, sina pa kwenda. Nakaa sebuleni namsikiliza mzee anakoroma, na ile saa ya ukutani inagonga. Nikajiambia, kumbe mtu anaweza kuisha huku anapumua. Sasa kuna wanawake tisa wanaonisubiri. Wakinifungia hili darasa, wananirudisha kwenye ile saa."

Kocha alihamia kwa wanawe miezi minne iliyopita, na darasa lililokuwa likiendeshwa kwa jina lake likabaki yatima. Ndiyo sababu ya cheti. Kuogelea mita mia, Mama Deki alikwishafaulu. Maswali ya mdomo aliyajibu mpaka mtahini akaweka kalamu chini kumsikiliza. Kilichobaki ni tofali.

Na tatizo lake na tofali ni la ajabu. Hazami.

"Dunia hii!" anasema, akipiga makofi mara moja. "Miaka ishirini na miwili natembea ukingoni naogopa kuzama. Leo nataka kuzama, mwili umekataa katakata."

Mtahini, mama mrefu mwenye filimbi shingoni, anasoma masharti. Nafasi ni mbili. Namna ya kushuka ni hiari ya mtahiniwa. Mtahini haruhusiwi kumwelekeza mtahiniwa; kuhusu watu wengine sheria haisemi kitu.

Mama Deki anaingia. Anaogelea mpaka juu ya tofali, anavuta pumzi ndefu inayosikika ukumbi mzima, anajipinda kichwa chini. Nyayo zake zinapiga hewa. Anafika urefu wa mkono mmoja, labda mmoja na nusu. Kisha maji yanamrudisha juu, mgongo ukitangulia, kama kizibo.

"Imebaki moja," anasema mtahini.

 Mkunga anainuka kwenye benchi, anachechemea mpaka ukingoni, anapiga magoti yake mabovu juu ya vigae.

"Mwalimu, kifua unakijaza cha nini?"

"Si ndivyo alivyosema kocha? Vuta pumzi, jaza kifua."

"Aliwaambia nani?"

"Watoto."

"Watoto wanaojifunza nini?"

Mama Deki anajigusa kifua. Wale watoto wa asubuhi walikuwa wakijifunza kuelea. Somo la kupiga mbizi lilikuwa la wakubwa, jioni, saa ambayo yeye alikuwa nyumbani akifua nguo za watu. Miaka ishirini na miwili, hilo hakulisikia hata siku moja. Yeye na kocha hawakuwahi kufika kwenye somo hilo, na alipoondoka, Mama Deki aliona haya kuuliza. Mtu anayeitwa mwalimu ataulizaje?

"Sikiliza," anasema mkunga, na sauti yake imeshuka, imekuwa sauti ya kazini. "Miaka thelathini na minne nimewaambia wanawake neno moja tu. Shusha pumzi, mama. Ukiibana, hakuna kinachoshuka. Toa hewa yote. Usipambane. Utakwenda mwenyewe."

"Nikitoa yote, nitapumua nini huko?"

"Kwani unakwenda kuhamia?"

Mama Deki anacheka, na kicheko chenyewe kinamtoa hewa. Safari hii hajipindi. Anasimama wima majini, mikono ubavuni, anapuliza taratibu mpaka kifua kinatulia. Maji yanamfunika kidevu, pua, kofia. Halafu juu ya maji hakuna mtu.

Mapovu yanapanda, makubwa, kisha madogo, kisha yanaisha. Chini kinaonekana kivuli cha rangi ya samawati kikishuka bila haraka, miguu mbele, mkono mmoja umenyooka kana kwamba umeshika kitu.

"Nilikuwa nimeshika ngazi," alieleza baadaye. "Haipo, najua. Lakini nilishuka kama nilivyokuwa nashuka kazini na brashi yangu. Kule chini hakuna sauti kabisa. Mwanga unacheza mwilini mwako. Nikasema, ah, kumbe ni ile ndoto, ila leo siamki."

Miguu ilipogusa chini alipajua mahali pale mara moja. Unyayo unajua mengi. Akainama, na hapo, hatua moja kutoka kwenye tofali, kilikuwepo kigae chake, kimekaa upande. Akaweka kiganja juu yake.

Ukingoni, wanawake tisa wanahesabu kwa sauti. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mtahini ameshika filimbi karibu na mdomo. Kumi na tano.

Tofali ndilo linalotoka kwanza, jeusi, linachuruzika maji. Kisha mikono. Kisha uso wa Mama Deki, mdomo wazi, ukiimeza hewa kwa fujo.

Vigelegele vinavyolipuka ni vya kuangusha paa. Nje mumewe anagonga lango kwa ngumi akiuliza nani amezama. "Mkeo!" anajibiwa. "Na amerudi!"

Mtahini anaandika, anapiga muhuri, anampa mkono. Mama Deki analia waziwazi, wala hajifichi. "Machozi haya ni ya dawa ya maji," anasema. "Niliwaambia wameizidisha."

Mpango wake anao tayari. Atawashusha wanafunzi wake wote tisa mpaka chini, mmoja mmoja, hata ikichukua mwaka mzima, na kila mmoja atakigusa kile kigae kwa mkono wake. Mkunga ameshadai kuwa wa kwanza.

Dakika ishirini baadaye ukumbi umetulia. Sakafu imetapakaa maji ya nyayo, na Mama Deki, cheti kikiwa kwenye mfuko wa nailoni, ameshanyakua deki iliyoegemezwa ukutani. Mfagizi mpya, mama wa miaka arobaini hivi mwenye maneno machache, anamkimbilia.

"Acha, Mwalimu. Hiyo ni kazi yangu."

Mama Deki anamrudishia. Mfagizi anasugua kidogo, anasimama.

"Hicho kigae mlichokuwa mnakisema," anasema. "Nilikiona bwawa lilipokaushwa. Nikasema fundi aliyekiweka alikuwa amelewa."

"Fundi ni mimi."

Mfagizi anashika mdomo. Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Kisha Mama Deki anamuuliza, taratibu, tangu lini amekuwa akilala pale chini, juu ya vigae vikavu, kutazama juu.

Mfagizi anainamisha macho. "Nani amekuambia?" anauliza.

"Hakuna aliyeniambia. Kesho, saa kumi na mbili kasorobo, njoo na nguo ya kulowa. Ruhusa nitaiomba mimi, sasa nina cheti. Usisubiri kupewa saa ya ukutani."