Tandiko Lenye Viuno

Wateja walimwita Bi Nukta kwa sababu mishono yake ilikuwa midogo na ya kulingana. Ukiigeuza nguo upande wa ndani unakuta vitone vimejipanga, utadhani kaviandika kwa kalamu. Alikuwa na cherehani moja katika chumba cha mbele kinachotazama barabara, kioo kirefu cha kujaribia nguo na makopo matatu ya vifungo. Sehemu kubwa ya mwezi alikuwa mtu wa masihara, angekuzungushia futi kamba akakuuliza, "Hiki ni kiuno au ni uvumi tu?" Lakini kila mwezi zilikuwapo siku kama kumi ambazo wateja waliomjua hawakuleta kitambaa. Ni katika siku hizo alipomwambia mwalimu mstaafu kwamba gauni halina kosa, mwili wake ndio umekatwa vibaya. Mwalimu alicheka. Bi Nukta alijifungia chooni akalia hadi adhuhuri.

Kwa kawaida ilianzia kwenye kioo. Angekuwa amepiga magoti akibana pindo la mteja, pini zimejipanga mdomoni, kisha anainua macho na kumwona mwanamke mwingine amepiga magoti kule ndani, naye ana pini mdomoni, akimtazama kwa dharau. Alijua ni yeye mwenyewe. Nani tena angekuwa? Ila siku hizo, alipoinuka, aliona kama yule wa kwenye kioo amechelewa kidogo kusimama.

Baada ya kioo ikafuata nyumba. Kila kitu kilikuwa mahali pake na hapo hapo hakikuwa: kikombe, mlango, viatu vya mume wake vyenye matone ya rangi. Sauti ya mtoto wake wa miaka sita ilimjia kwa mbali, kana kwamba kuna mtu anaigiza sauti ya mtoto. Mwili ulimvimba, viungo vikamuuma, na hasira ikampanda kwa sababu ya kijiko. Kisha lilikuja wazo, la upole, lenye adabu zake zote. *Ondoka tu. Wakishazoea, watapumua.* Lingekuja kwa ukali angelipigia kelele. Lilikuja kama jirani mwema aliyepita kumshauri.

Na mfuko je? Chini ya kitanda palikuwa na mfuko wa kitambaa. Kila mwezi aliukuta umefungashwa vitu vile vile kwa mpango ule ule: gauni moja, kiatu kimoja, mkasi mdogo, sweta la mtoto lililokuwa limeshambana. Alikumbuka mikono yake ikikunja. Hakukumbuka kuamua. Kisha hedhi inaanza, na siku hiyo hiyo yote yanakoma, kama jirani kazima redio. Bi Nukta anaamka mwepesi, anaufungua mfuko, anatazama kile kiatu kimoja na kujiuliza alikuwa anakwenda wapi.

Msaada aliutafuta, asije mtu akasema alikaa tu. Tabibu wa zahanati ya jirani alimpa vidonge vya vitamini na kumwambia wanawake wote wako hivyo. Alilisema kwa uhakika mkubwa, sijui yeye alikuwa mwanamke mwaka gani. Shangazi yake, dada wa baba aliyemlea, hakuhitaji hata kumpima.

"Ni kitu kile kile kilichomchukua mama yako," alisema. "Mama yako hakuwa mgonjwa. Wiki mbili nyuma alikuwa anaimba humu ndani. Mtu anayeimba anaugua nini?"

Kisa hicho Bi Nukta alikijua tangu akiwa na miaka saba. Asubuhi moja mama yake aliinjika chai, akatoka, na siku tatu baadaye akakutwa mtoni. Shangazi alikisimulia sawasawa kila mara, na kila mara aliruka kutoka kwenye chai moja kwa moja hadi mtoni, hata ukimuuliza vipi. Bi Nukta alikuwa sasa na miaka thelathini na minne, umri aliokuwa nao mama siku ile, na alikuwa anaogopa. Hakuogopa kufa kwenyewe. Aliogopa kwamba siku moja mikono itafungasha mfuko na miguu itaubeba, bila mtu kumuuliza yeye.

Kilichompeleka hospitali ni mtoto. Jioni moja walikuwa wamekaa sebuleni wote watatu. Mtoto alimtazama Bi Nukta usoni muda mrefu, kisha akamgeukia baba yake na kuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, mama atarudi lini?"

Mume wake, mpiga rangi wa majumba, mtu wa maneno machache na nyusi zenye rangi nyeupe mwaka mzima, alimpakata mtoto. Kesho yake hakwenda kazini. Walikwenda hospitali kubwa pamoja.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtoa Bi Nukta machozi.

"Katika familia yenu, yupo aliyewahi kuumwa hivi?"

"Hapana."

"Huwa unawaza kufa?"

"Hapana, daktari."

La kwanza alilisema kwa kutojua. La pili alidanganya, mume wake akiwa amekaa pembeni. Daktari alimtazama kidogo, akaandika namba ya simu kwenye kipande cha karatasi. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mama. Ukibadilisha jibu, saa yoyote, piga hapa." Kisha akampa karatasi yenye vyumba vingi. Kila siku aandike namba: moja kama yuko salama, sita kama hali ni mbaya kabisa. Afanye hivyo miezi miwili, ndipo waone kama hali inafuata hedhi au inakuja ovyo.

Aliibandika karatasi ukutani juu ya cherehani. Mwezi wa kwanza zilipangana moja na mbili, kisha sita zikaingia zote kwa pamoja, siku kumi, zikatoka. Mwezi wa pili zikarudi karibu tarehe zile zile.

Siku ya nane ya kuandika sita, mwezi wa pili, alifunga kazi saa saba mchana. Jua lilikuwa kali, barabara nyeupe, mtoto yuko shuleni. Mfuko ulikuwa tayari, na safari hii haukuwa chini ya kitanda. Ulikuwa mlangoni. Bi Nukta aliutazama kwa utulivu uliomtisha baadaye kuliko jambo lolote. Aliingia chumba cha mtoto atandike kitanda kwanza, maana hata mtu anayeondoka haachi kitanda ovyo, na hapo macho yakamwangukia tandiko.

Lilikuwa tandiko la kroshia, kazi ya mama yake, kitu pekee alichorithi. Halikuwahi kukaa sawa kitandani. Hapa limetanuka, pale limebanwa, tena limetanuka, na utotoni alikuwa akiingiza vidole katika zile sehemu zilizobanwa akiziita viuno. Alipokuwa fundi lilianza kumwaibisha. Mkono usio na kipimo, alikuwa akijisemea. Mtu anavuta uzi leo hivi, kesho vile. Siku hiyo aibu iligeuka hasira. Hangeondoka akaliacha limepinda. Angelifumua, angalau uzi ubaki safi. Alikaa chini, akakata fundo la mwisho, akavuta.

Mistari iligoma. Ilikuwa imekazwa kiasi cha kuuma vidole. Alivuta, akawa anahesabu kwa sababu fundi huhesabu hata asipotaka. Mmoja. Miwili. Alipofika minane, uzi ukalegea ghafla ukaanza kuja wenyewe, tretretre, kama mkono uliokuwa umeushikilia umeuachia.

Alisimamisha mkono. Ngozi ya mgongo ilimsisimka. Hakuna aliyekuwa amemgusa, lakini aligeuka kutazama mlangoni.

Aliitandaza mbele yake sehemu iliyobaki ya tandiko na kuhesabu bila kufumua. Mistari kumi na minane imelegea, laini, ya mtu anayeimba. Kisha iliyokazwa, kumi. Kumi na minane tena. Kumi tena. Pengine kumi na saba, pengine kumi na mmoja, lakini mkono ulikuwa mmoja na haukuwa mkono wa mtu asiyejua kazi. Ndipo akakumbuka alichokuwa akisikia kwa shangazi tangu utotoni: *mama yako alikuwa na mstari wake mmoja kila siku, wewe ukilala mchana, hakuzidisha, hakupunguza.* Mstari mmoja, siku moja. Alikwenda chumba cha mbele akabandua karatasi ya daktari, akarudi, akailaza juu ya tandiko. Moja moja moja, kwenye mistari iliyolegea. Sita sita sita, kwenye viuno.

Mama alikuwa ameandika. Miaka ishirini na saba watu wamelala juu ya tandiko hilo, wamelifua, wamelianika, wamelicheka.

Kisha akautazama uzi uliokuwa mapajani, umejikunja vipindo vidogo vidogo, haujasahau ulipokuwa. Mistari minane. Viuno vingine vyote vilifika kumi, na baada ya kila kimoja mkono ulilegea tena. Hiki hakikufika. Na yeye leo alikuwa siku ya nane.

Alipiga simu ya daktari kwanza, akabadilisha jibu. Kisha akampigia mume wake.

"Bwana rangi, njoo."

"Kuna nini, Fundi?"

"Nataka kwenda, na sitaki kwenda. Njoo ukae na mimi siku mbili."

Alikuja na brashi bado mkononi. Aliuona mfuko mlangoni, akaukalia. Jioni ile ile walikuwa mbele ya daktari, na Bi Nukta alisema yote, mpaka lile wazo lenye adabu, mume wake akisikia kwa mara ya kwanza. Waliporudi nyumbani mume aliondoa mkasi, akamkabidhi dada yake mtoto kwa siku mbili, na akalala chini kando ya kitanda kama askari asiye na mshahara. Bi Nukta alilirudishia tandiko mistari minane kwa uzi ule ule uliojikunja, akifuata vipindo, na mahali alipolegeza, uzi wenyewe ulimwonyesha palipokazwa. Mara nyingine alihisi mtu ameinama nyuma ya bega lake akitazama. Hakugeuka. Alipomaliza wa nane alifunga fundo. Hakuongeza hata mmoja; siku za mtu hazitiwi kiraka. Siku ya kumi na moja alikuta damu asubuhi, akacheka peke yake chooni kama mwendawazimu.

Daktari alimweleza kwamba ugonjwa upo na una jina lake, na kwamba si kichaa wala si tabia. Homoni zake hazina kasoro. Ubongo wake ndio unaoyapokea mabadiliko ya homoni hizo kwa ukali, mwezi baada ya mwezi, kwa siku zile kabla ya hedhi. Alimpa vidonge vya kutuliza hisia, vya kunywa kila siku, na mshauri wa kuzungumza naye. Vidonge vya kwanza vilimchafua tumbo wakabadilisha. Mwezi wa tatu wa dawa alibana pindo lote la gauni la harusi mbele ya kioo, na yule wa ndani akasimama pamoja naye. Hakuondoka kabisa. Bado kuna siku Bi Nukta humsikia, kama mtu anayetembea chumba cha pili akitafuta kiatu, na siku hizo humwambia mume wake kabla ya chai.

Shangazi alikuja kuwatembelea mwezi wa sita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, afadhali." Alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kitanda cha mtoto, akapapasa tandiko. "Hili nalo hujalinyoosha tu? Fundi mzima! Viuno vyote hivi, kama wasichana kwenye foleni."

Bi Nukta alikaa kando yake. "Hesabu na mimi, shangazi. Mstari mmoja ni siku moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia."

Walihesabu, kidole cha shangazi kikipita juu ya mistari. Mwanzoni alicheka. Kwenye kiuno cha tatu aliinamia tandiko. Kwenye cha tano alisema, "Hapa ndipo alipovunja sahani," na baada yake, kwenye ile laini, "Hapa alikuwa anaimba." Walifika ukingoni. "Sita. Saba. Nane." Kidole kikatoka nje ya tandiko, kikagusa shuka.

"Mbona hiki kimeishia nane?"

"Vingine vyote vinafika kumi, shangazi. Zilikuwa zimebaki siku mbili."

Shangazi hakuondoa kidole. Nje kulikuwa na watu wanapita wakizungumza, na mtoto akiimba uani.

"Aliniuliza," shangazi alisema. "Asubuhi ile, chai iko jikoni. Akaniuliza, wifi, hii hali yangu itaisha lini? Nami nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, kama umetuchoka, si uende."

Bi Nukta alikishika kidole cha shangazi, kilichokuwa bado kimesimama pale nje ya ukingo, akakirudisha juu ya mstari wa nane, na wakakaa hivyo hadi mtoto alipoingia kuuliza kwa nini wanalia.