Kilichomgusa Bi Rukia

Filamu yangu niliipiga mwenyewe juu ya dari ya nyumba yangu, Mji wa Kale. Waliosema ni ndefu niliwajibu kwamba hawajui kutazama, hata nikakosa watazamaji. Basi mwenye duka la kanda aliponiambia Bi Rukia ameiazima mara sita, nilivaa kanzu safi nikaenda kumwuliza kilichomgusa.

Nilimkuta sebuleni na majirani watatu, wakiitazama.

"Karibu, Bwana Omari. Tulikuwa tukikutaja."

Nilijizuia kutabasamu. "Ni sehemu ipi hasa, Bi Rukia?"

Akaisimamisha picha. "Hii. Tazama nyuma ya mwigizaji wako. Leso iliyoanikwa kwenye kamba yako ni yangu, iliyopotea siku ya Idi. Na hawa ni mashahidi."