Dobi Aliyenunua Kisima

Mama mkwe wangu alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja. Siku ya kuweka dole gumba kwenye hati ya shamba, karani alimpaka wino mara tatu.

"Bibi, dole lako halitoi kitu."

"Limeishia kwenye mashuka yenu," akajibu, ofisi nzima ikacheka.

Shamba lilikuwa dogo, ila lilikuwa na kisima. Maisha yake yote alifua kwa maji ya kupimiwa, bomba likifunguliwa na kufungwa na mtu mwingine. Alitaka maji ambayo hakuna wa kumwambia basi. Muuzaji alipotupeleka kukiona, mama mkwe hakuuliza kina chake wala lolote. Alitoa kipande cha sabuni kwenye khanga, akakisugua ndani ya ndoo. Povu likampanda hadi kwenye viwiko.

"Umeona, mkwe? Maji ya chumvi yangekataa sabuni. Haya ni laini."

"Na lile zizi?" nikauliza kwa sauti ndogo. Lilikuwa upande wa juu, samadi imejaa.

"Ng'ombe niliwauza mwaka juzi," muuzaji akadakia. "Hiyo ni mbolea ya bure, dada."

Hati niliisoma mimi, maana mimi ndiye niliyemaliza darasa la saba. Ilitaja mipaka, jiwe kwa jiwe. Kisima haikukitaja. Nikaona mhuri, nikasema iko sawa.

Tukahamia. Binti yangu alikuwa na miezi miwili, na maziwa yangu yalikuwa yamekauka kwa homa, hivyo nilimkorogea ya unga. Maji niliyachemsha mpaka sufuria inabaki nusu, nikijiona mama mwangalifu. Wiki ya tatu midomo yake ikageuka rangi, kama aliyekula zambarau.

"Baridi ya asubuhi hiyo," mama mkwe akasema, akamfunika.

Saa sita mchana, jua la kuchoma, na kucha nazo zikawa rangi ya wino. Tulimkimbiza hospitali, zamu kwa zamu mgongoni. Daktari alimtazama, akauliza swali moja tu: "Mnamkorogea kwa maji gani?"

Mtoto alipona kwa siku nne za dawa ya kuchomwa mshipani. Daktari akawapelekea habari watu wa maji, na afisa wao akaja na futi ya kuvuta na chupa za kupimia. Kutoka kisimani hadi zizini ilikuwa mita kumi na moja. Mvua inashusha uchafu wa samadi ardhini, alitueleza, na kisima cha kina kifupi kinaupokea wote.

"Lakini mimi nachemsha," nikasema.

"Sumu hii haifi kwa moto, mama. Maji yakipungua, yenyewe inabaki na kuwa kali zaidi."

Nikaenda jikoni, nikaimwaga sufuria ya asubuhi.

Afisa akamgeukia mama mkwe. "Ardhi ni yako, bibi. Maji yaliyo chini yake si yako. Kisima kinataka kibali chake, na kabla ya kibali maji yanapimwa. Aliyekuuzia tulimwandikia akifukie. Nakala ya barua iko ofisini. Ungepita tu kuuliza."

"Kuuliza ni shilingi ngapi?"

"Bure."

Mama mkwe akacheka kicheko kikavu, kisha akaingia ndani. Hakutoka mpaka walipomaliza kukiziba kisima kwa zege.

Mimi na mtoto tulirudi mjini kupanga chumba. Yeye amebaki, anachota mtoni, saa nzima kwenda na zaidi kurudi. Shamba analiuza, lakini halinunuliki. Mume wangu amemsihi: "Mama, si unyamaze tu! Wakiuliza ndiyo useme."

"Mbona mimi sikuuliza?" alimjibu.

Jumapili iliyopita nilikuwepo walipokuja mtu na mkewe mjamzito. Walipapenda, mke akaanza hata kuonyesha pa kujenga jiko. Mama mkwe akawakatisha. Aliwaeleza yote, tangu zizi hadi kucha za mjukuu wake, taratibu, bila kuruka kitu. Yule mke akashika tumbo. Waliaga bila kunywa hata chai.

Mama mkwe akabeba ndoo zake mbili, akashika njia ya mtoni.