Saa Moja na Robo Ndani ya Lifti na Dk. Tolliver

Wakuu, kuna mtu aliniibia saa moja na robo ya maisha yangu. Aliniibia mchana kweupe, ndani ya jengo la chuo, huku ananiangalia usoni.

Kwamba niliibiwa, nimekuja kujua mwezi uliopita tu. Nimejulia msibani kwake.

Ngoja niwasimulie kabla sijabadili mawazo.

Naitwa Marquell Gaddis, mtu wa Alabama. Mji wetu ni mdogo, una makanisa tisa na kiwanda kimoja cha kuku. Ukimaliza shule unaenda kiwandani. Mama alienda, mjomba alienda, hata mwalimu wetu mmoja aliacha ualimu akaenda.

Mimi nikapata chuo. Mwaka 2007, chuo chetu sisi watu weusi, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka nyumbani.

Aisee, sherehe ilivyokuwa! Wakinamama wa kanisa walinishonea blanketi la viraka, na kila mmoja kashona jina lake kwenye kiraka chake. Majina ishirini na mawili.

Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Mchungaji Bledsoe alikuwa anasoma majina ya vijana walioko chuo. Yalikuwa majina mawili tu. Likisomwa langu, bibi yangu Lucille anasimama kwa niaba yangu na kofia yake ya zambarau, kanisa zima linapiga makofi.

Sasa wewe fikiria, watu wanakupigia makofi huko, wakati huku unafeli vibaya mno.

Hesabu zilinitesa. Mtihani wa kwanza nilipata kumi na tisa kwa mia. Wa pili kumi na nne. Nilikuwa nakaa darasani natingisha kichwa na wenzangu, ndani sielewi hata neno.

Mwalimu alikuwa Dk. Earlene Tolliver. Mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, anatembelea mkongojo, chaki haimtoki mfukoni. Sisi tulimwita Mama Sifuri.

Kila karatasi yangu aliandika kwa wino mwekundu: "Njoo ofisini."

Sikwenda hata mara moja. Kule nilikosoma, ukiitwa ofisini ni ama umepigana ama kuna mtu kwenu kafa. Nilijua anataka kunitukana kwa nafasi.

Usiku nikawa sipati usingizi. Yale majina kwenye blanketi nikaona yananikodolea macho, nikalisukumia uvunguni mwa kitanda. Nyumbani siwezi kurudi na aibu, chuoni siwezi kukaa. Nilikuwa nimebanwa kila upande, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mwishowe nikampigia Mjomba Roosevelt.

"Mjomba, nafasi kiwandani ipo?"

Yeye alikuwa ametundika kuku kwenye kulabu miaka kumi na tisa. Asubuhi vidole vyake vilikuwa havikunjiki mpaka aviloweke maji ya moto.

"Ipo," akasema. "Jumatatu alfajiri. Ila ujitoe kwa utaratibu, ujaze fomu. Bibi yako akisikia umetoroka, atanichinja mimi kwanza."

Ijumaa ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Ukirudisha fomu ya kuacha masomo kabla ya saa kumi na nusu jioni, unaondoka msafi, unaweza kurudi siku nyingine. Ukichelewa, kila somo unaandikiwa F, na mimi nilikuwa na masomo matano. Nikasema kuliko nidisco, nifukuzwe kwa kufeli, bora nijitoe mwenyewe.

Saa tisa mjomba kafika na pikapu yake. Tukapakia mabegi yangu yote nyuma. Blanketi sikulitoa uvunguni, na mjomba hakuniuliza.

"Nakusubiri hapa. Usikae," akasema.

Ofisi ya msajili ilikuwa ghorofa ya tatu. Nikashika ngazi, nikakanyaga mbili tatu, nikasikia mkongojo unagonga juu yangu. Ko. Ko. Ko.

Mama Sifuri anashuka!

Nikageuka mbio mpaka kwenye lifti. Ile lifti ilikuwa ya zamani, sanduku la chuma lenye taa moja inayopepesa. Nikabonyeza namba tatu. Milango inajifunga taratibu, nikashusha pumzi.

Mkongojo ukaingia katikati.

"Bwana Gaddis," akasema. "Sogea kidogo, nami napanda."

"Lakini ulikuwa unashuka, mama."

"Nimesahau kitu juu."

Akaingia, akaegemea ukuta wenye vitufe. Lifti ikapanda kidogo, ikatoa mlio mbaya, ikasimama.

Nikasubiri. Kimya.

"Imekwama," akasema, kama mtu anayekwambia leo ni Ijumaa.

"Mama, samahani, naomba nibonyeze kengele."

"Hiyo kengele ilikufa zamani." Wala hakusogea. "Na mgongo unaniuma, niache niegemee."

Nikatoa simu. Mtandao hakuna. Nikapiga milango kwa ngumi, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Baadaye ikasikika sauti ya Mzee Cleophus, mtunza jengo, kutoka huko nje: "Tulieni humo! Fundi yuko njiani!"

"Atachukua muda gani?" nikauliza.

"Anatoka mbali!"

Jasho likaanza kunitoka. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Saa yangu inasema tisa na dakika ishirini na mbili. Mjomba yuko nje na gari. Msajili yuko juu. Na mimi nimefungiwa na mtu niliyemchukia kuliko wote duniani.

"Hiyo karatasi ni nini?" akauliza.

"Si kitu, mama."

"Nimekaa chuo hiki miaka thelathini na moja. Rangi ya fomu hiyo naijua hata gizani."

Nikalipuka. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikamwambia ndiyo, naacha, na yeye ni mmoja wa sababu. Nikamwambia mimi sina kichwa cha hesabu, kila mtu anajua, na yeye ameniandikia hivyo kwa wino mwekundu mara tatu.

"Nimeandika 'njoo ofisini,'" akasema.

"Nije kufanya nini? Kuchekwa?"

Akatoa chaki mfukoni.

"Nusu gawanya kwa robo," akasema. "Ngapi?"

"Mama, hewa inakwisha humu!"

"Hewa ipo. Ngapi?"

"Moja ya nane."

"Nani alikufundisha hesabu kidato cha tatu?"

Hapo nikacheka kwa hasira. Kidato cha tatu hatukuwa na mwalimu wa hesabu. Aliondoka Septemba, akaletwa kocha wa mpira kukaa na sisi, akawa anatuwekea filamu. Cha nne vilevile. Mtihani ukija tunapewa majibu tuyakariri.

Macho ya Dk. Tolliver yalibadilika.

"Nyumbani kwenu bibi anaoka mkate wa mahindi?"

"Ndiyo, mama."

"Umebaki nusu. Kila mtu anataka robo ya mkate. Watakula wangapi?"

"Wawili."

"Andika hapo ukutani."

Akanipa chaki. Nikaandika kwenye ukuta wa lifti: nusu gawanya kwa robo ni mbili.

Nikabaki naiangalia. Wakuu, nilikuwa na miaka kumi na nane, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza hesabu kunipa kitu kinachoeleweka.

Akanipa nyingine. Na nyingine. Alibadilisha mkate ukawa keki, keki ikawa shamba, shamba likawa herufi x. Ukuta wa kwanza ukajaa, tukahamia wa pili. Sikuangalia saa tena. Niliketi sakafuni na chaki mpaka kwenye nyusi, nafuta kwa kiwiko, naandika upya.

"Maswali kumi na mawili uliyokosa kwenye mtihani wangu," akasema, "tisa ni hili hili jambo moja. Bwana Gaddis, kichwa chako kizima. Kuna watu walipaswa kukufundisha na hawakukufundisha, kisha wakakuachia wewe aibu yao uibebe."

Nililia. Sitawadanganya. Nililia mle ndani mbele ya Mama Sifuri kama mtoto wa chekechea, naye akanipa leso yake bila kuniambia ninyamaze.

"Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, ofisini kwangu. Mimi nakuja na biskuti."

"Jumatatu naanza kazi, mama."

"Basi nenda kazini," akasema.

Akajiinua kutoka pale ukutani, na lifti ikapanda.

Saa kumi na nusu na dakika saba. Mlango wa msajili una kufuli.

Nikamgeukia. Nilitaka kusema jambo baya sana. Yeye alikuwa ameshaanza kushuka ngazi. Ko. Ko. Ko.

Nje, mjomba alikuwa amevimba.

"Saa nzima! Ulikuwa unajenga hiyo ofisi?"

"Lifti ilikwama. Ofisi imefungwa."

"Kwa hiyo umeacha au hujaacha?"

"Sijaacha. Nikiondoka leo ni F tano."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, zile chaki zote. Akashuka kwenye gari. Akafungua nyuma na vile vidole vyake, akaanza kushusha mabegi yangu moja moja.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Zimebaki wiki ngapi mpaka mwisho wa muhula?"

"Sita."

"Zimalize. Kuku hawaendi popote." Kisha akasema, bila kuniangalia: "Hata hivyo mimi sikutaka uje kiwandani. Ila uliponiomba nikaja kukuchukua, maana hukuwa na mtu mwingine."

Jumanne saa kumi na mbili kasoro nilikuwa mlangoni kwa Dk. Tolliver. Biskuti zenyewe ngumu, ukiuma meno yanalia. Nilizila wiki sita.

Sikupata A. Nilipata C, na ile C niliibusu. Blanketi nikalitoa uvunguni. Miaka mitatu na nusu baadaye bibi alikuja kwenye mahafali na kofia ya zambarau, akapiga kelele mpaka mlinzi akaja kumwangalia.

Sasa twende msibani.

Dk. Tolliver amefariki akiwa na miaka themanini na moja. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama. Kwenye ratiba kulikuwa na nafasi ya waliotaka kusema neno, na imeandikwa kwa herufi kubwa: DAKIKA MBILI TU TAFADHALI. Nanyi mnajua kwetu hakuna anayeiheshimu hiyo.

Nikasimama. Nikasimulia habari ya lifti iliyokwama. Nikasema namshukuru Mungu kwa chuma kibovu.

Nikasikia mtu anacheka. Mama mmoja safu ya tatu, suti nyeusi, baadaye nikaambiwa ni hakimu.

"Kijana, wewe ulikwama mwaka gani?"

"2007, mama."

Akasimama. "Mimi 1989."

Nyuma akasimama daktari wa meno. "1994." Upande wa kwaya, mwanamke mwingine. "2001. Saa mbili nzima, karibu nijikojolee."

Wakawa wanasimama tu. Nilihesabu watu kumi na mmoja, na mimi wa kumi na mbili. Wote walikwama Ijumaa. Wote na fomu mkononi.

Tukageuka kumwangalia Mzee Cleophus. Ana miaka themanini na tatu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, machozi yanamtoka na mabega yanamtingishika kwa kicheko.

"Lifti ile nimeitunza mimi miaka thelathini na sita," akasema. "Haijawahi kukwama hata siku moja. Ilikuwa na swichi ya kuisimamisha, usawa wa mgongo wake."

Kanisa zima likalipuka. Hata mchungaji aliinama kwenye mimbari.

Mmoja tu hakucheka. Jamaa anaitwa Thaddeus, alisimama mwisho.

"Mimi alinifungia, na nikaondoka hivyo hivyo," akasema. "Nikapata F zote. Nilimchukia miaka sita. Kila Agosti aliniandikia barua, neno moja tu: 'Njoo.' Mwaka wa saba nikaja." Akakaa chini, mkewe akamshika mkono.

Nimefikiria sana maneno ya Thaddeus. Dk. Tolliver hakuwa na haki ya kutufungia, ule ndio ukweli, na ningekuwa na ujasiri ningemwambia akiwa hai. Lakini maisha yangu yote watu walikuwa wamenifungia milango ili nisiingie. Yule mama ndiye mtu wa kwanza kunifungia ili nisitoke.

Funzo langu ni hili tu, wakuu. Elimu ya juu ni nzuri, ila hakuna mtu anayeipata kwa kichwa chake peke yake. Lazima awepo mtu aliyetangulia, anayejua rangi ya ile fomu, na aliye tayari kuchukiwa nawe kwa muda. Kama ulimpata, mpigie simu leo. Kama umeshavuka, kuna mtoto anakusubiri.

Mimi nilirudi kwetu. Nafundisha hesabu shule ile ile iliyokuwa haina mwalimu. Haina lifti, haina hata ghorofa.

Wiki iliyopita, baada ya vipindi, mwanafunzi wangu Javaris alikuja kuniaga. Miaka kumi na saba. Kiwanda kimemwita.

"Nimekuja kusema asante, Mwalimu Gaddis. Nina haraka, binamu yangu ananisubiri na gari."

"Sawa," nikasema. "Nusu gawanya kwa robo ni ngapi?"

"Mwalimu, si nimekwambia nina haraka?"

Nikatembea mpaka mlangoni, nikauegemea.

"Mgongo unaniuma," nikamwambia. "Hebu shika chaki."