Kahawa Sakafuni

Katika kiwanda chetu, mtu akianguka aliambiwa pole. Aliambiwa na kila aliyekuwepo, kwa huruma ya kweli, na wengine waliacha kazi wakaja kumpangusa vumbi mgongoni. Kisha kila mmoja akarudi mahali pake, na kilichomwangusha kikabaki palepale sakafuni. Nilikaa mwaka mzima pale kabla sijaanza kulichukia neno pole.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa, si mbali na Kihanga: banda refu la bati, sakafu ya saruji, mashine moja katikati inayotetemesha kuta. Wakulima walileta kahawa ya maganda, mashine ikaikoboa, akina mama wakaichambua kwenye nyungo, na wapakiaji wakabeba magunia begani wakipanda nayo kwenye lori kwa ubao mmoja mwembamba. Mimi nilikuwa karani wa mizani. Natoka Muleba, nyumbani tunasema Kihaya, na ingawa na Wanyambo, wenyeji wa pale, tunaelewana bila shida, wenzangu walipenda kunikumbusha kwamba mimi ni mgeni kila nilipoanza kulalamika. Nililalamika sana, kwa hiyo nilikumbushwa sana.

Siku moja alikuja mkaguzi. Alitembea banda zima akiangalia juu, akiangalia chini, kisha akauliza, "Hapa nani anahusika na usalama?" Bosi wetu, mtu wa Bukoba, mpole na mwenye haraka zake, alituangalia mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu mkononi. "Huyu hapa," akasema. Hivyo ndivyo nilivyopewa cheo. Hakuna kilichoongezeka zaidi ya jina.

Nilikichukua kwa uzito, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Tatizo lilionekana hata kwa mtoto. Kahawa iliyokwisha kukobolewa ni ngumu, ndogo na ya kuteleza. Ikimwagika juu ya saruji ni sawa na kumwaga gololi. Na ilimwagika kutwa. Kati ya mashine na benchi la wachambuaji palikuwa na njia ya hatua kama kumi, na kwenye njia hiyo kila mtu alitembea kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Nikamwendea mwendesha mashine. "Mzee, hapa pafagiwe."

"Kazi yangu ni mashine," akasema. "Hiyo ni sakafu."

Nikawaendea akina mama. Wakasema wao wanachambua, na kama nataka wafagie, nani atachambua? Wapakiaji waliendelea kubeba huku kandambili zao zikipiga saruji pa, pa, pa. Nikaenda kwa bosi. Akaniambia, "Wafagie wote," akaona amemaliza. Wote ndio hao hao walionikatalia. Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa herufi kubwa SAKAFU INATELEZA, nikakitundika ukutani. Baada ya siku tatu nilikikuta kimetandikwa chini ya gunia, na mpakiaji mmoja amekikalia anakula ndizi na maharage. Akaniambia saruji ina baridi.

Kati ya wachambuaji alikuwapo mama mmoja wa umri wa mama yangu, ambaye hakuna aliyemfikia kwa kasi. Vidole vyake vilipita juu ya ungo kama anapiga kinanda, mbovu zikaruka upande huu, nzuri zikabaki. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, umelalaje? Leo utatugombeza saa ngapi?" Wenzake wote wakacheka. Sikumkasirikia. Ndiye peke yake aliyekuwa akisukuma kahawa pembeni kwa mguu anapopita.

Alianguka mchana, mvua kubwa ikipiga bati hata hatusikiani. Mawingu yalikuwa yametia banda giza, na taa ya juu ya njia ile ilikuwa imeungua siku nyingi. Alikuwa amebeba ungo uliojaa kwa mikono miwili, kwa hiyo hakuona anapokanyaga. Nilimwona kutoka kwenye mizani: mguu mmoja ulikwenda mbele peke yake, kama si wake, na yeye akaja chini na ungo, mkono wa kulia ukiwa chini yake. Sikusikia kishindo kwa sababu ya mvua. Niliona tu mdomo wake umefunguka.

Tukakimbia. Na hapa naomba nisichukuliwe kuwa nadanganya: nusu ya tuliokimbia walikimbilia kahawa. Hata yeye mwenyewe, amelala ubavu, alikuwa akikusanya kwa mkono wa kushoto, anasema, "Waitu, jamani, kahawa imemwagika, nisameheni." Mkono wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Mama, acha kahawa," nikamwambia.

"Nilikuwa nimeshaichambua yote," akasema, na ndipo akalia.

Nikampeleka hospitali kwa bodaboda, mimi nimekaa nyuma yake nimemkumbatia, mvua inatupiga usoni, na kila tulipopita shimo alisema samahani. Sijui alikuwa akimwomba nani. Alifungwa plasta hadi juu ya kiwiko.

Kesho yake nilifika kazini nimejiandaa kupigana. Nilikuta mashine imezimwa na watu wamesimama mstari. Bosi alikuwa amemwita mchungaji aje kuombea banda, maana, alivyosema, ajali zilikuwa zimezidi na huenda kuna jambo. Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa na kulelewa humo, na maombi siyadharau. Mchungaji aliomba kwa moyo na kwa muda mrefu. Aliombea mashine, akaombea lori, akaombea mkono wa mama. Wote walifumba macho. Mimi nilishindwa. Nilikuwa nikitazama viatu vyeusi vya mchungaji vilivyong'aa, na chini ya viatu hivyo, kahawa ya jana.

Aliposema amina, bosi akashusha pumzi. "Sasa tuko salama," akasema.

"Bosi, nisamehe," nikasikia sauti yangu inasema. "Nani atafagia?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo akajikohoza. Mchungaji aliangalia chini, akainua mguu mmoja, akauweka pengine. Bosi akasema tutaonana ofisini.

Ofisini hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Umeniaibisha mbele ya mchungaji," akasema. "Haya, wewe ndiye wa usalama. Nikiweka mfagiaji leo, akafagia asubuhi, saa nne si itakuwa imemwagika tena? Unataka nini hasa?"

Kwa muda wote ule nilikuwa nimepigia kelele ufagio, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kahawa ile inatoka wapi. Hilo liliniudhi kuliko yote, kwa sababu hapo sikuwa na wa kumlaumu.

Nikamwomba mwenzangu ashike mizani, nikachukua kigoda, nikakaa karibu na mashine. Sikukaa hata saa moja. Kahawa ilikuwa ikitoka kwenye mdomo wa bati na kuingia kwenye gunia. Gunia lilipaswa kushikwa na kulabu nne. Kulabu zilikuwa mbili. Upande usio na kulabu, mwendesha mashine alilishika gunia kwa mkono na goti, na kila lilipojaa akalazimika kuliachia ili afunge ule mdomo wa bati, na hapo kahawa ikamwagika kama maji. Kila gunia. Kutwa nzima.

"Mzee, kulabu nyingine ziko wapi?"

"Zilikatika."

"Lini?"

Akafikiri. "Zamani. Wewe ulikuwa hujaja."

"Ukamwambia nani?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kila mtu anajua."

Nilitoka nje nikasimama kwenye rundo la pumba za kahawa, nikapumua. Kila mtu anajua! Watu wangapi walikuwa wameteguka miguu, wamechubuka viwiko, mama wa watu amevunjika mkono, tukakusanyika, tukasema pole, tukaomba, na jambo lenyewe ni vipande viwili vya chuma ambavyo kila mtu anajua. Nikamwambia bosi, na mchana ule akaja fundi wa kuchomelea kutoka senta. Alimaliza kabla chai yake haijapoa.

Sitasema mambo yalinyooka. Kahawa ilipungua sana sakafuni, hilo kweli, na iliyobaki mwendesha mashine alianza kuifagia mwenyewe bila kuambiwa, akisema sasa inafagika. Kwenye ubao wa lori tulipigilia vipande vya mbao ili miguu ishike; wapakiaji wakaving'oa viwili kwa sababu vinawaumiza vidole, na vilikuwa vinawaumiza kwa sababu ya kandambili. Nikagomba tena. Bosi, nadhani kwa kunichoka, akaleta mabuti ya mpira ya kila mtu. Siku ya kwanza wote waliyavaa. Siku ya tatu nilihesabu miguu mitatu tu yenye mabuti, kwa sababu mpakiaji mmoja alivaa buti moja, mguu mwingine ulikuwa na kidonda. Mengine yalikuwa nyumbani. Yalikuwa mazuri mno, waliniambia, kuchezea kazini.

Jozi ya mama nilimpelekea mwenyewe nyumbani kwake, upande wa Nyakakika, akiwa bado na plasta. Niliporudi kumwona wiki chache baadaye, plasta ilikuwa imeondolewa na mkono umebaki umepinda kidogo, kama unaotaka kuchungulia kitu. Mume wake alikuwa kwenye kibanja anakata majani makavu ya migomba. Alikuwa amevaa mabuti yetu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, karibu sana," akasema, akatembea kuja kunipokea, na tope la kibanja kizima likiwa juu ya mpira ule mpya. Nikashindwa hata kukunja uso. Mama aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaketi mkekani, akawa anaifuata miguu ya mume wake kwa macho na kunitazama mimi, mpaka akashindwa kujizuia akacheka.

"Nilikuwa naziona, mwanangu," akasema baadaye, akiwa ametulia. "Zile kahawa chini. Kila siku nilikuwa naziona nazisogeza kwa mguu. Sikufikiria kuinama."

"Hata mimi niliziona, mama. Asubuhi ya siku uliyoanguka niliziruka. Nilikuwa na karatasi za mizani mkononi."

Hakusema pole. Alinisogezea kikapu. Nikamwambia kazi ipo, hata akichambua kwa mkono wa kushoto, lakini Jumatatu aje na mabuti. Akasema atakuja nayo.

Jumatatu alikuja peku, mabuti ameyabeba kwenye mfuko wa nailoni, yameoshwa yanang'aa. Njia ilikuwa na tope na hakutaka yachafuke. Nilisimama mlangoni nikaangalia miguu yake iliyojaa udongo, nikaangalia mfuko. Akaomba maji. Nikamletea kopo, akanawa mguu mmoja, kisha mwingine, akashika bega langu kwa mkono uliopinda, akayavaa, akaingia ndani.